Mshale wa Munir

Mdogo wangu Munir akiingia kwenye kompyuta yangu kutoka Ubelgiji, kwanza huutikisa mshale. Kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayefuta miguu mlangoni. Baada ya hapo hautulii tena. Kila anachotaka kukisoma anakizungushia duara, anakwenda mbele, anarudi nyuma, na akikwama anauegesha juu pembeni, pale kwenye alama ya kufungia dirisha, mpaka moyo unanienda mbio nikidhani atabonyeza. Nimemlea mwenyewe huyo. Hata madaftari yake ya shule yalikuwa hivyohivyo, maduara mpaka karatasi zinatoboka.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa tu, mikono mapajani, nikiutazama mshale unavyotembea peke yake kwenye kioo, unafungua, unafunga, unaburuta. Nyumba yetu hapa Tetuan ni kubwa, iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi waliokuwapo zamani, na tangu mama afariki hakuna kinachojongea ndani yake ila mimi na pazia la dirisha la ua. Kwa hiyo mtu asinicheke nikisema niliupenda ule mshale. Saa nzima kuna mkono wa mtu wa damu yangu unafanya kazi mbele ya macho yangu, tena bila kuniomba chai.

Wala sikuanza kompyuta jana. Nimepiga chapa kwa wakili mmoja tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikaanza kuwa na mvi, na watu waliokuja na mashauri yao walikuwa wakinisalimia mimi kabla yake. Wakili akazeeka, akafunga ofisi, akahamia kwa watoto wake Malaga. Nikabaki na vidole vinavyojua kibodi na mahali pa kuvipeleka hakuna. Basi nikajiandikisha kwenye masomo ya mtandaoni ya kuandika programu. Watu walisema nimechanganyikiwa, mwanamke wa umri wangu. Nikawaambia waliochanganyikiwa ni wanaokaa barazani kuhesabu wageni wa jirani.

Somo la tatu, mwalimu akasema kila mwanafunzi awe na mashine ya mfumo mwingine, siyo Windows. Mimi nina Windows, na Windows ndiyo niliyoizoea. Nikampigia Munir.

"Usifute kitu, dada," akasema. "Tutaweka mashine pepe."

"Pepe ndiyo nini?"

"Kompyuta ndani ya kompyuta. Windows anakuwa mwenyeji, hiyo nyingine inakuwa mgeni. Unampa diski kidogo, unampa kumbukumbu kidogo, anakaa. Akivuruga mambo unamtoa, nyumba yako inabaki salama."

"Kumbukumbu kidogo kiasi gani?"

"Nusu."

"Mgeni anayekula nusu ya chakula cha mwenyeji, Munir, huyo siyo mgeni. Huyo ni shemeji."

Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mazishi, na nilipokata simu nilibaki nimeishika kwa muda, natabasamu na ukuta.

Jioni ya kwanza mashine ilikataa kuwaka. Munir akazungushazunguka, akaegesha mshale pembeni, akasema kuna ruhusa ya kichakataji imezimwa, na kuiwasha ni lazima kuingia kwenye ile skrini ya kabla ya Windows kuamka. Huko yeye hawezi kufika. Ni mimi na simu sikioni.

"Bonyeza F2 ikiwaka tu."

"Nimebonyeza."

"Umechelewa. Zima, anza tena."

"Nimebonyeza kabla hujasema!"

"Basi umewahi. Dada, bonyezabonyeza tu, kama unavyobonyeza kengele ya watu wasiofungua."

Skrini ikaja, nyeusi, maandishi ya Kiingereza tupu. Nikamsomea herufi moja moja, mstari kwa mstari, naye huko anasema hapana, shuka, hapana, shuka, hapo hapo, usiguse kingine jamani, ukigusa kingine hatutaonana tena. Tulipomaliza Windows ikaamka, mshale ukaja ukajitikisa, na sote wawili tukapiga kelele za furaha kama timu ya taifa imefunga.

Mgeni akakaa. Munir akanifundisha kuipiga mashine picha kabla ya kufanya jambo lolote, ili nikiivuruga niirudishe ilivyokuwa kwenye picha. Nami niliivuruga. Naapa sikuivuruga kusudi, sikuwa na haja hiyo, ilikuwa inavurugika yenyewe kila nikiigusa. Halafu masomo yakataka mashine ya pili ya kuhifadhia data, na mashine ya tatu ya kujaribia, na zote zizungumze bila kugombana. Tukapanga jioni mbili kila wiki, saa moja na nusu, akitoka kazini. Nikampa neno la siri la kudumu ili aingie bila kunisumbua. Siku za jioni hizo nilikuwa naoga laasiri, kama mtu anayengoja mgeni.

Mwisho wa Rajabu Munir akaniletea ujumbe. Mtoto wake mdogo ana homa, kelele za simu zinamwamsha, kwa hiyo ataingia kimya kimya na tutaandikiana kwenye ile karatasi nyeupe ya Windows, mimi mstari wangu na yeye wake. Nikamjibu mtoto apewe maji mengi, na kuandika hakunishindi.

Jioni iliyofuata mshale ukaja bila kujitikisa. Ulikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya pili, ukafungua mipangilio, ukabadilisha ukubwa wa kumbukumbu, ukahifadhi. Hakuna maduara. Nikasema, kumbe akiwa hana wa kuongea naye anafanya kazi kama mtu mzima. Kisha ukafungua karatasi nyeupe.

*Umekula?*

Nikalitazama lile neno. Tangu azaliwe Munir hajawahi kuniuliza kama nimekula. Yeye ndiye wa kuulizwa, na kubembelezwa, na kufichiwa kipande cha nyama chini ya mkate ili wajomba wasikione. Nikaandika kwamba nimekula dengu. Akauliza kama naziwekea bizari nzima au ya kusaga. Nikamwambia nzima, naikaanga kwanza kwenye mafuta ya zeituni. Akaandika kwamba hiyo ndiyo namna nzuri, na mshale ukarudi kazini.

Ndivyo ilivyoanza. Mashine inapopakua vitu vyake, na mtandao wa mtaani kwetu unapakua kwa kusinzia, sisi tunaandikiana. Nilianza na mambo ya nyumbani, bomba la ua linalovuja, paka wa jirani yetu Lala Zuhra anayezalia kwenye kabati letu. Halafu yakaja mengine. Nilimwandikia kwamba kitanda cha mama bado sijakitandua. Kwamba siku nyingine neno la kwanza kulisema kwa mdomo ni "mikate miwili" kwa muuza mikate, na ni adhuhuri. Mambo hayo kwa simu nisingeyasema, ningeona haya, Munir angeanza kunipa ushauri. Kwenye karatasi hakunipa ushauri. Aliandika: *Ndiyo. Siku za Jumapili ndizo mbaya zaidi.* Nikashangaa amejuaje.

Shaabani ilipoingia nikatengeneza selu ya Ramadhani, ile ya unga wa kukaanga na lozi na ufuta, kwa kipimo cha mama, maana kingine sikijui. Nikajikuta na sinia la kulisha harusi.

*Utampa nani?* akauliza.

*Majirani. Nitawaambia nimewapikia wao.*

*Usiku unalala?*

*Naiacha redio imewaka.*

Halafu: *Mimi pia.*

Nilimhurumia mdogo wangu siku ile, jamani. Nikasema, tazama, ana mke, ana watoto wawili, ana nyumba yenye joto, na bado analala na redio. Nikajilaumu kwa kumwona mwenye bahati miaka yote hiyo. Nikaanza kuchana nywele kabla ya saa moja na nusu, kana kwamba mshale una macho, na nikimaliza kuchana nacheka.

Lala Zuhra akaja siku moja kumfuata paka wake. Ni mwanamke mtu mzima, ndiyo tunamwita Lala kwa heshima, na masikio yake yanapita ukuta.

"Turia, humo ndani unacheka na nani?"

"Na Munir. Tunafanya kazi."

"Munir huyu aliyekuja mazishini na simu sikioni? Siku hizi ana mdomo?"

"Tunaandikiana."

"Mh. Angeniandikia na mimi basi, anirudishie sufuria yangu aliyoondoka nayo."

"Lala Zuhra, sufuria hiyo umeidai tangu hajaota ndevu."

"Na sasa ana mvi, na sufuria sijaiona." Akambeba paka wake, akasimama mlangoni. "Lakini umenawiri, mwanangu. Mashallah. Endelea kuandikiana naye."

Na kweli nilikuwa nimenawiri. Hata masomo nilikuwa nayaelewa. Mashine mbili zilikuwa zinaongea, iliyobaki ni ya tatu, na mimi sikuwa na haraka nayo. Nilikuwa na mtu. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nacho, na nilikijua, na kila mara mshale ulipoondoka nilihesabu jioni zilizobaki kabla haujarudi.

Kila Ramadhani ikikaribia, serikali yetu inairudisha saa nyuma, tunapishana na Ubelgiji, na ikiisha inaisogeza mbele tena. Mtu wa hapa analijua hilo kama anavyojua jina la mtaa wake, awe hapa au awe ughaibuni. Munir ndiye aliyezidi wote. Kila mwaka, siku saa inapobadilika, alikuwa anampigia mama na kumtania, haya mama, kuanzia leo mimi ni mkubwa kwako kwa saa moja, niamkie. Mwaka huu hakupiga. Nikasema ni kwa sababu mama hayupo wa kumwamkia.

Siku ya kwanza ya mfungo tulikuwa na jioni yetu. Tulikuwa tumeagana kwenye karatasi kabla saa haijabadilishwa: jioni ijayo saa ileile, nitakuwa nimeshafuturu. Nikaandaa meza. Nilikuwa nimepika supu ya harira kwa sufuria ndogo, nikaweka tende, yai la kuchemsha, na shebakia, zile keki za asali, nilizonunua kwa sababu za kukaanga mwenyewe peke yangu zilinishinda moyo. Kiti kimoja. Nikaiweka kompyuta mwisho wa meza ili futari yangu iwe na mwenzake, hata ikiwa imetulia tu.

Mwadhini wa magharibi akaanza. Mtaa mzima ukanyamaza, siku hiyo hata pikipiki hazisikiki. Nikaitia tende mdomoni, na kabla sijaitafuna nikaona mshale unatembea.

Ulifungua mashine ya tatu. Ukaanza kuipangia mtandao wake, taratibu, moja kwa moja, huku Allahu Akbar inapita juu ya mapaa. Nilibaki nimeishikilia ile tende kwa ulimi. Hakuna mtu wa Tetuan, hata awe amepotea ughaibuni maisha yake yote, hata awe haswali, anayegusa kazi mwadhini wa siku ya kwanza anapoita. Munir angekuwa na kijiko mkononi. Munir angejua mimi nina kijiko mkononi.

Nikaivuta kibodi.

*Unasikia adhana?*

*Adhana ipi, dada?*

*Ya hapa. Ndiyo kwanza inaadhiniwa.*

Mshale ukasimama. *Samahani. Si saa moja na nusu? Nilidhani umeshakula.*

*Ni saa kumi na mbili na nusu. Tumerudisha saa.*

*Mnarudisha saa?*

Harira ilikuwa inatoa mvuke pembeni yangu. Nilikuwa nimeshajua. Nadhani nilijua tangu lile swali la kwanza la kama nimekula, ila mtu aliyeshiba hamuulizi mpishi.

*Wewe ni nani?*

Niliona herufi zinakuja, zinafutwa, zinakuja.

*Naitwa Shukri. Ni mtu wa Sfax, Tunisia. Nafanya kazi na Munir, nakaa dawati la pili. Aliniomba nikusaidie kwa sababu ana mambo mengi. Aliniambia nisiseme, kwamba utanuna. Ilikuwa vibaya. Kwetu saa haibadilishwi, sikujua. Nisamehe, dada.*

*Tangu lini?*

*Tangu mtoto alipougua.*

Nikapiga hesabu. Dengu. Kitanda cha mama. Mikate miwili. Nikaona kama nimetembea sokoni bila nguo na watu wote walinisalimia kwa adabu. Nilikuwa na maneno makali tayari vidoleni, ninayo mengi, wakili wangu alikuwa akiniomba niyapunguze kwenye barua zake. Lakini kilichotoka siyo hayo.

*Na redio?*

*Redio ni yangu mimi,* akaandika. *Kila nilichokuandikia ni changu. Sikuongopa ila jina.*

Nilikata mtandao, nikabadilisha neno la siri, nikaifunga kompyuta. Harira ilikuwa imepoa na imefanya ngozi juu. Niliila hivyohivyo, maana mfungo ni mfungo.

Kisha nikampigia Munir. Akapokea huku anatafuna.

"Dada! Ramadhani karimu! Nilikuwa nakaribia kukupigia, wallahi."

"Nani aliyekuwa anaingia kwenye kompyuta yangu?"

Akaacha kutafuna. "Aa. Amekwambia."

"Nimemkamata mwenyewe."

"Sasa dada, usinune. Shukri ni fundi kuliko mimi, muulize mtu yeyote ofisini. Yeye hana familia huku, jioni zake ni tupu, ameona raha tu kusaidia. Mashine si zinafanya kazi?"

"Zinafanya kazi."

"Basi! Wewe ulitaka mashine, umepata mashine. Mimi ningekuwa bado nazungusha maduara."

"Nilikuwa naongea na wewe, Munir."

"Uliongea nini?"

Aliuliza kwa wema kabisa, na hapo ndipo niliposikia maumivu. Hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Hakujua kama kulikuwa na kitu cha kusoma.

"Nilikuambia habari za mama," nikasema. "Nilikuambia habari zangu."

"Dada..." Nyuma yake mtoto alikuwa analia na mkewe anaita jina lake. "Dada, naomba nikupigie baadaye, tuongee vizuri. Sawa? Usinune."

Sikununa. Kununa kunahitaji mtu wa kuona kwamba umenuna. Nilikasirika, na nilikuwa na upweke ambao sikuwa nao hata wiki ya mazishi, kwa sababu wiki ya mazishi nilijua nimempoteza nani. Sasa nilikuwa namlilia mdogo wangu aliyekuwa mzima, kwa ajili ya maneno ambayo hakuyasema, na mtu aliyeyasema sikumjua hata sura. Siku zile nilijikuta mara nyingine ninamkumbuka huyo wa pili kuliko wa kwanza, na hilo likanikasirisha zaidi.

Mashine ya tatu niliimaliza mwenyewe. Nilianza tangu mwanzo, maana aliiacha katikati na sikutaka mkono wake ndani yake. Nikaichagulia diski, nikaipa kumbukumbu kwa ubahili, nikakosea, nikairudisha kwenye picha, nikakosea tena. Mitandao yake ilinitoa jasho. Mashine mbili zilikuwa zinaonana, ya tatu haionwi na mtu, inaita na hakuna anayeitika, na nilikaa nayo laasiri nyingi mpaka nikagundua kwamba nimeiweka kwenye mtandao wa peke yake. Ilikuwa alama moja tu ya kubadilisha. Nikaibadilisha, nikaiamuru iwaite wenzake, nao wakaitika palepale. Nilisimama na kupiga makofi jikoni. Halafu nikatazama huku na huku kutafuta wa kumwambia, nikakaa.

Munir alituma salamu nyingi za Ramadhani, za maua na misikiti inayometameta, zile zinazotumwa kwa watu wote. Kupiga hakupiga. Hata ile baadaye aliyoniahidi haikuja.

Siku ya Idi, baada ya swala, majirani walikuwa wameshapita na sahani zao na nimeshawapa sahani zangu. Lala Zuhra ameshaniambia shebakia za kununua ni dhambi, nikamwambia akazidai kwa Munir pamoja na sufuria. Ua ukawa kimya. Simu ikalia.

"Idi mubaraka, dada yangu."

"Na wewe, na watoto."

"Nimeomba ruhusa ya asubuhi. Nimesema leo namfanyia kazi dada yangu mimi mwenyewe, siyo mtu mwingine. Nimekaa kwenye kompyuta. Neno la siri limekataa."

"Nimelibadilisha."

"Ah. Haki yako. Nipe jipya basi, nikumalizie ile mashine ya tatu."

"Imekwisha."

"Nani amekumalizia?"

"Mimi."

Akapiga mluzi. "Mtandao wake pia?"

"Zote tatu zinaonana."

"Mashallah! Mimi huo ulinishinda wiki nzima nilipokuwa naanza." Nilimsikia anajiegemeza kwenye kiti. "Kwa hiyo hakuna kilichoharibika?"

"Hakuna."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi, dada." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebisha hodi na zawadi akakuta wenyewe wanayo. "Basi kama ni hivyo nisikuchoshe. Nitakupigia..."

"Munir," nikasema, "hakuna kilichoharibika. Nataka ukae tu. Usifanye kitu. Ongea na mimi."

Nilikuwa sijawahi kumwomba mtu jambo kama hilo kwa mdomo wangu. Nilisikia kiti chake kinalia, mlango unafungwa, kelele za watoto zinapungua.

"Nakaa," akasema. "Nimefunga mlango. Leo nina muda wote. Haya, dada, nipe habari. Za mama, zako, zote, tangu mwanzo."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa naye, mwenyewe, sauti yake na pumzi zake, amefunga mlango kwa ajili yangu. Nikatafuta pa kuanzia, nikakuta pote nimeshapita. Kitanda nilishakisema. Mikate nilishaisema, na redio, na siku za Jumapili. Nilijaribu kuanza kwa bomba la ua na hata hilo likakataa kutoka, kwa sababu lilishamfurahisha mtu mara moja na nilikuwa nakumbuka alivyolijibu.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Niambie basi."

"Hakuna habari," nikasema. "Huko kwenu mvua inanyesha?"

"Inanyesha kidogo," akasema. "Huko?"

"Huku jua."